Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kipimo cha HLA: kumtafutia mgonjwa mtoaji wa figo au uboho

Ukurasa huu ni wa familia za Lubumbashi zinazojiandaa kwa upandikizaji, iwe zinaelekea Afrika Kusini, India, Kigali au Dar es Salaam. Maswali ni yale yanayosikika kwenye mabenchi ya kungojea labo. Majibu yameandikwa na mtu wa labo aliyechoka kuona mama anashika karatasi ya majibu, anaikunja, anaitia kwenye mkoba, na hakuna aliyemwelezea hata mstari mmoja. Daktari wako ndiye anayeamua matibabu. Hapa tunaeleza kipimo chenyewe.

Daktari ameandika «typage HLA». HLA ni kitu gani?

Ni protini zinazokaa juu ya karibu kila seli ya mwili yenye kiini. Kazi yake ni kushika vipande vidogo vya protini kutoka ndani ya seli na kuvitoa nje ili seli za kinga zivikague. Kipande kikiwa cha kirusi, kinga inaiua seli hiyo. Kikiwa cha kawaida, inapita. Tatizo la upandikizaji linaanzia hapo: kinga ikikutana na HLA za mtu mwingine, inazichukua kama dalili ya adui na kuanza vita, hata kama figo hiyo imekuja kuokoa maisha.

Jeni zinazotengeneza protini hizi ziko pamoja kwenye kromosomu ya 6. Zinazotazamwa zaidi ni A, B, C, DRB1, DQB1 na DPB1. Kila moja unayo mara mbili, moja ya baba na moja ya mama.

Gurupu yetu ya damu ni moja, O na O. Kwa nini hiyo haitoshi?

Gurupu ya damu ni mlango wa kwanza, na kwa figo ni mlango wa lazima kuanza nao. Lakini chembe nyekundu za damu hazina kiini na karibu hazina HLA, ndiyo maana unaweza kutiwa damu ya mtu usiyemjua bila kupimwa HLA. Figo na uboho zimejaa seli zenye HLA. Kati ya watu elfu moja wa gurupu O hapa mjini, unaweza usipate hata mmoja mwenye HLA kama zako.

Kwa nini jeni hizi zinatofautiana sana kati ya mtu na mtu?

Kwa sababu ya magonjwa. Kijiji ambamo watu wote wana HLA za aina moja kinaweza kumalizwa na kirusi kimoja kinachojua kujificha kwenye aina hiyo. Kwa maelfu ya miaka, tofauti ndizo zilizobaki hai. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa 1991 ulionyesha kwamba watoto wenye aina inayoitwa B53 walikuwa na kinga zaidi dhidi ya malaria kali. Aina hiyo ni ya kawaida Afrika Magharibi na adimu sana Ulaya. Nasi tumeishi na malaria, na damu yetu imebeba historia hiyo.

Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi za kijenetiki kuliko bara lolote. Jambo hilo litarudi mara kadhaa hapa chini, kwa sababu ndilo linalofanya kumtafutia Mkongomani mtoaji kuwe kazi ya kusoma kwa makini zaidi.

Karatasi imeandikwa A\*30:02, B\*15:03, DRB1\*11:01. Inasomwaje?

Chukua B\*15:03. B ni jina la jeni. Nyota inasema kwamba jibu limetoka kwenye kusoma DNA, au ADN kama labo zetu zinavyoiandika. 15 ni kundi. 03 ni aina yenyewe ndani ya kundi hilo, yaani protini maalumu. Kila aina ya jeni inaitwa aleli.

Unaweza kukuta tarakimu zinaendelea, kwa mfano A\*02:01:01:01. Sehemu ya tatu inaonyesha tofauti za DNA ambazo hazibadilishi protini. Ya nne inaonyesha tofauti zilizo katika sehemu za jeni zisizotengeneza protini. Kwa mgonjwa, sehemu mbili za kwanza ndizo zenye uzito mkubwa.

Ukiona herufi G mwishoni, kama A\*02:01:01G, maana yake labo imesoma sehemu muhimu zaidi ya jeni, ile inayotengeneza mfuko wa kushikia vipande vya protini, na aleli kadhaa zinazofanana hapo zimewekwa chungu kimoja. P ni hivyohivyo, ila kwa kulinganisha protini. Majibu ya G kwa kawaida yanatosha kwa maamuzi mengi, na si kosa la labo.

Mimi na yaya, yaani ndugu yangu mkubwa, sote tumeandikiwa B\*15. Basi tunafanana?

Hapana, bado haijajulikana. Hili ndilo swali lililonifanya niandike ukurasa huu.

Kundi la B\*15 ni kubwa sana. Ndani yake kuna B\*15:01, inayopatikana kwa wingi Ulaya, na kuna B\*15:03 na B\*15:10, ambazo ni za kawaida Afrika kusini ya Sahara. Zote zikiandikwa kwa ufupi zinakuwa B\*15, lakini kinga ya mwili inaziona kuwa vitu tofauti kabisa. Ukiwa na B\*15:03 na mtoaji ana B\*15:10, karatasi fupi itasema mnafanana, na mwili wako utasema hapana.

Mfano mwingine unaonigusa ni wa B\*58:01 na B\*58:02. Protini hizo mbili zinatofautiana kwa asidi amino tatu tu, yaani viungo vitatu kati ya vile vinavyojenga protini. Hata hivyo, tafiti za Afrika Kusini kwa watu wenye virusi vya Ukimwi zilionyesha kwamba wenye B\*58:01 walielekea kudhibiti virusi vizuri zaidi, na wenye B\*58:02 walielekea kuumwa haraka. Kama asidi amino tatu zinaweza kubadilisha namna mwili unavyopambana na kirusi, zinatosha pia kuifanya seli ya kinga itambue kwamba uboho huu si wake.

Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafuu hapa, kwa kuwa jeni za HLA hurithiwa kwa fungu zima, moja la baba na moja la mama. Wakirithi fungu lilelile la kromosomu, hata majibu mafupi yanaweza kutafsirika, mradi wazazi nao wamepimwa na mafungu yote manne, mawili ya baba na mawili ya mama, yanaonekana wazi. Kwa mtu asiye ndugu, usikubali jibu la sehemu moja. Uliza labo kabla ya kulipa: «Mtasoma hadi sehemu ya pili? Mtasoma jeni zipi?» Ni haki yako kuuliza, na labo nzuri hujibu bila kukasirika.

Nidokeze pia, kwa kuwa wagonjwa wa figo wengi hupewa alopurinoli kwa ajili ya asidi uriki: wenye B\*58:01 wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata mmenyuko mkali wa ngozi wakitumia dawa hiyo. Ukiiona aleli hiyo kwenye karatasi yako, mwonyeshe daktari.

Labo inazitambuaje aleli hizi?

Njia imebadilika mara kadhaa. Mwaka 1958 Jean Dausset, daktari Mfaransa, alieleza antijeni (alama ambayo kinga huitambua) ya kwanza ya kundi hili baada ya kuona kwamba wagonjwa waliotiwa damu mara nyingi walikuwa na kingamwili, yaani silaha za kinga zilizo kwenye damu, zinazogandisha chembe nyeupe za watu wengine. Mwaka huohuo Rose Payne huko Marekani na Jon van Rood huko Uholanzi walikuta kingamwili kama hizo kwa wanawake waliozaa mara kadhaa. Dausset alipewa Tuzo ya Nobel 1980, pamoja na Baruj Benacerraf na George Snell.

Mwaka 1964 Paul Terasaki, wa Los Angeles, alileta kipimo kilichotumia matone madogo sana: unaweka chembe nyeupe za mgonjwa pamoja na kingamwili zinazojulikana, na seli zikifa unajua antijeni gani iko juu yake. Kwa miaka mingi dunia nzima ilipima hivyo. Udhaifu wake ni kwamba kingamwili zilizotumika zilitoka kwa watu wa huko, hasa Wazungu, kwa hiyo aina nyingi za Kiafrika zilikosa kingamwili ya kuzitambua. Jibu lilirudi na nafasi tupu, au aleli mbili tofauti zikachukuliwa kuwa moja.

Kisha ikaja PCR, ambayo Wakongomani tuliizoea wakati wa Ebola na Covid: kuzidisha kipande cha DNA hadi kiwe kingi cha kutosha kuchunguzwa. Kwa HLA, PCR hutumika kwa namna mbili za kawaida. Ya kwanza huweka vianzio, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kazi, vinavyozidisha aleli fulani tu. Kipande kikitokea, aleli ipo. Ya pili huzidisha sehemu muhimu ya jeni kisha inaijaribu kwa vipande vingi vya DNA vilivyobandikwa kwenye shanga ndogo za rangi, zinazosomwa na mashine kama Luminex. Zote mbili ni za haraka, lakini zinaona tu tofauti zilizotayarishwa kuonwa. Aleli isiyojulikana inapita bila kutambuliwa, au inapewa jina la jirani yake.

Kusoma mfuatano wa DNA herufi kwa herufi ndiko kunakoondoa kubahatisha. Hapa pia kuna mtego. Una nakala mbili za kila jeni, na usomaji wa zamani uliziona zote kwa pamoja. Ni kama redio mbili zinazogongana kwenye masafa moja: unasikia maneno yote, lakini hujui neno lipi limetoka kituo kipi. Kwa hiyo mchanganyiko mmoja wa herufi ungeweza kumaanisha jozi mbili au tatu tofauti za aleli. Mashine za kizazi kipya husoma kila molekuli peke yake, na zile zinazosoma vipande virefu hufuata jeni kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kupoteza uzi. Kwa damu zetu zenye michanganyiko mingi isiyo ya kawaida, mimi ningependelea njia hii kila inapowezekana.

Nimeambiwa nina «aleli mpya». Je, ni ugonjwa?

Si ugonjwa. Maana yake ni kwamba labo imesoma mfuatano ambao haumo kwenye hifadhi ya kimataifa ya aleli za HLA, inayoitwa IPD-IMGT/HLA. Hifadhi hiyo ilianza kutumika 1998 na sasa ina aleli zaidi ya 40,000. Huenda aleli yako wanayo watu wengi kati ya Likasi na Kolwezi. Hakuna aliyewahi kuwasoma tu.

Labo makini haitangazi aleli mpya kwa usomaji mmoja. Inarudia tangu mwanzo, na ikiwezekana kwa sampuli ya pili, maana PCR yenyewe huweza kukosea herufi au kuunganisha vipande viwili visivyohusiana. Inatenganisha nakala mbili ili ijue herufi mpya iko kwenye ipi. Inatazama wazazi au ndugu: kama mama naye anayo, ni ya kweli na imerithiwa. Baadaye mfuatano unapelekwa kwenye hifadhi ya umma na kupewa jina rasmi na kamati ya majina ya HLA iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani.

Kwa matibabu, swali ni moja: herufi hiyo inabadilisha protini, na kama inaibadilisha, iko wapi? Ikiwa kwenye mfuko wa kushikia vipande, inahesabiwa kama tofauti halisi. Ikiwa haibadilishi asidi amino yoyote, timu nyingi huichukulia kama aleli ya jirani yake. Waombe waandike hayo kwenye ripoti. Na wakikuomba ruhusa ya kuipeleka hifadhini, fikiria kukubali. Jina lako haliandikwi, na mtoto mwingine wa Katanga atakayepimwa kesho atasomwa kwa usahihi kwa sababu yako.

Herufi N nyuma ya namba ina maana gani?

Jeni ipo lakini protini yake haitokei juu ya seli. Mfano unaojulikana ni A\*24:09N. Ni jambo adimu, lakini labo ikiikosa, mgonjwa ataandikwa kuwa na A24 na kupewa mtoaji mwenye A24 ya kweli, wakati mwili wake haujawahi kuiona protini hiyo. L huandikwa kwa protini inayotokea kwa uchache.

Tuko sita, baba mmoja na mama mmoja. Nafasi ya mdogo wetu kupata anayefanana naye kabisa ni ngapi?

Kila mmoja wenu ana nafasi 1 kati ya 4 ya kufanana naye kabisa, 2 kati ya 4 ya kufanana nusu, na 1 kati ya 4 ya kutofanana naye kwa fungu lolote. Mkiwa watano wa kupimwa, nafasi ya kupata angalau mmoja aliye sawa kabisa ni karibu 76%. Familia zetu kubwa ni msaada wa kweli hapa. Mgonjwa wa Ulaya mwenye ndugu mmoja ana 25% tu.

Mara chache, karibu mara 1 kwa 100, mafungu ya mzazi hubadilishana vipande kabla ya kurithishwa, na ndugu anayeonekana sawa huwa na tofauti sehemu moja. Ndiyo maana hata ndugu hupimwa jeni zote.

Na mtoto wa baba mkubwa, tuliyelelewa naye nyumba moja?

Kwa malezi na mapenzi ni ndugu yako, na hakuna karatasi itakayobadilisha hilo. Kwa HLA, nafasi yake ya kuwa sawa nawe kabisa ni ndogo sana. Anaweza kufanana nawe nusu, kupitia fungu la babu au bibi mnaochangia, na kwa figo bado anaweza kufaa.

Mwambieni daktari ukweli wa uhusiano tangu siku ya kwanza. Nchi zinazopokea wagonjwa zina sheria kali. India, kwa mfano, ina sheria ya upandikizaji tangu 1994, na mtoaji wa kigeni hukaguliwa iwapo kweli ni ndugu wa karibu: mzazi, mtoto, kaka, dada, babu, bibi, mjukuu, mume au mke. Kipimo cha HLA chenyewe huonyesha kama watu wawili wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja. Familia iliyoandika «kaka» kwa heshima ya kwetu inaweza kuonekana imedanganya, na safari ikakwama.

Mama anaweza kumpa mtoto wake?

Ndiyo. Mzazi na mtoto hufanana nusu daima. Kwa figo hilo ni la kawaida kabisa. Kwa uboho, zamani nusu haikutosha. Leo zipo hospitali zinazofanya hivyo kwa kutumia dawa ya siklofosfamidi siku chache baada ya upandikizaji, ili kuzima seli za mtoaji zinazotaka kushambulia mwili wa mgonjwa. Ni tiba nzito zaidi na inahitaji timu yenye uzoefu.

Mtoto wangu ni SS. Kipimo hiki kinamhusu?

Kinamhusu sana. SS ni ugonjwa wa selimundu. Upandikizaji wa uboho kutoka kwa ndugu mwenye HLA sawa unaweza kuponya ugonjwa huu. Ripoti ya kimataifa iliyochapishwa 2017, ya wagonjwa 1,000 waliopandikizwa kutoka kwa ndugu wa namna hiyo, ilionyesha kwamba baada ya miaka mitano karibu 93% walikuwa hai, na watoto wadogo walifanya vizuri kuliko watu wazima. Nchi yetu ina mzigo mkubwa: upimaji wa watoto wachanga zaidi ya 31,000 Kinshasa, uliochapishwa 2009, ulikuta SS kwa 1.4% yao.

Ndugu mwenye AS, aliyerithi jeni ya ugonjwa kwa mzazi mmoja tu, anaweza kuwa mtoaji. Mwenye SS hawezi. Kwa hiyo elektroforezi ya hemoglobini ya ndugu, kipimo kinachoonyesha nani ni AS au SS, ifanyike pamoja na HLA, ili msimpe mtoto tumaini kisha mkalivunja.

Najua gharama ya upandikizaji ni kubwa kwa familia nyingi za hapa. Hata hivyo, kupima HLA ya ndugu mapema kunawapa muda wa kupanga, kabla ugonjwa haujaharibu ubongo au figo.

Ndugu wanamchangia damu kila anapopungukiwa. Kuna ubaya?

Upo, na ni wachache wanaoambiwa. Kila damu inayoingia ina chembe nyeupe zenye HLA, na mwili wa mgonjwa unaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake. Damu hiyo ikitoka kwa kaka au mama ambaye kesho angekuwa mtoaji wa uboho, mnaweza kuandaa mwili umkatae mtu huyohuyo. Kama upandikizaji uko kwenye mpango, ndugu wa karibu wasimtie damu mgonjwa moja kwa moja. Watoe kwa ajili ya benki, na mgonjwa apewe ya mtu mwingine. Panapowezekana, ombeni damu iliyochujwa chembe nyeupe. Bila shaka, mtoto akiwa anakufa usiku na damu iliyopo ni ya mama tu, atiwe.

Krosimachi ni kipimo kilekile?

Ni kingine. HLA inaonyesha mlivyo. Krosimachi inaonyesha kama mwili wa mgonjwa tayari una silaha dhidi ya mtoaji huyu. Majimaji ya damu ya mgonjwa yanakutanishwa na chembe nyeupe za mtoaji. Utafiti wa Patel na Terasaki wa 1969 ulionyesha kwamba figo zilizopandikizwa licha ya krosimachi chanya nyingi zilikataliwa mara moja, na tangu hapo kipimo hiki hakirukwi.

Kingamwili hizo hutokana na mambo matatu: kutiwa damu, mimba, au upandikizaji wa awali. Mama aliyezaa na mume wake anaweza kuwa na kingamwili dhidi ya HLA za mume huyo, kwa kuwa watoto walizibeba tumboni. Mume anapojitolea figo kwa mkewe, hili liulizwe mapema. Krosimachi hurudiwa karibu na siku ya upasuaji, maana damu iliyotiwa wiki chache zilizopita inaweza kubadilisha jibu.

Kwa figo, lazima tufanane vyote?

Hapana. Kwa figo huhesabiwa A, B na DR, antijeni sita, na watu wengi wanaishi vizuri na figo isiyofanana nao hata moja, kwa sababu ya dawa zinazotuliza kinga. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa kwa muda mrefu, Boston 1954, ulikuwa wa mapacha wa kufanana, kwa sababu wakati huo dawa hizo hazikuwepo. Kufanana zaidi kunaongeza miaka ya figo na kupunguza kingamwili, na DR ina uzito mkubwa katika miezi ya mwanzo. Ombeni na DQ ipimwe: kingamwili nyingi zinazozaliwa baada ya upandikizaji hulenga hapo.

Kwa uboho masharti ni makali zaidi, kwa kuwa seli za mtoaji nazo zina kinga yake na zinaweza kumshambulia mgonjwa. Kwa mtoaji asiye ndugu, hospitali hutafuta 8 kwa 8 (A, B, C na DRB1) au 10 kwa 10 ikiongezwa DQB1.

Kipimo kinaweza kufichua kwamba baba si baba?

Kinaweza. Mtoto lazima awe na fungu moja la baba yake. Likikosekana, labo itaona. Jambo hili limevunja nyumba ambazo hazikuwa na sababu ya kuvunjika. Zungumzeni na daktari kabla ya damu kutolewa: nani atapewa majibu, na yataandikwaje. Ninaamini kila mtoaji apewe majibu yake peke yake, chumbani, na kwamba ripoti ya mgonjwa iseme tu «anafaa» au «hafai». Hilo humlinda pia ndugu aliyeogopa: akikataa kutoa figo, daktari anaweza kusema hafai, na familia haitamshika shati.

Kuna mtu amejitolea kutuuzia figo. Anafaa?

Usikubali, hata HLA zikifanana. Sheria za nchi zinazopandikiza zinakataza, na mwenye kuuza kwa sababu ya shida huachwa bila matibabu ya baadaye.

Kwenye rejesta za dunia hakuna mtu wetu?

Rejesta, yaani orodha za waliojitolea kutoa uboho, zilizounganishwa duniani zina zaidi ya watoaji milioni 40, lakini wengi wana asili ya Ulaya. Hesabu iliyochapishwa Marekani 2014 ilionyesha kwamba mgonjwa mwenye asili ya Ulaya ana nafasi karibu 75% ya kupata mtoaji wa 8 kwa 8 aliye tayari, na mwenye asili ya Afrika ana chini ya 20%. Sababu ni mbili: sisi ni wachache kwenye orodha, na tofauti zetu ni nyingi. Programu zinazokisia aleli kutokana na majibu mafupi nazo zimejifunza zaidi kutoka kwa Wazungu, kwa hiyo hukosea zaidi kwetu. Ndiyo sababu nasisitiza kusomwa hadi sehemu ya pili.

Afrika Kusini ina rejesta ya uboho tangu 1991. Jamaa zenu walioko Brussels, Paris au Johannesburg wanaweza kujiandikisha huko waliko, kwa mate au pamba ya shavuni tu. Waombeni wafanye hivyo hata kama hakuna mgonjwa nyumbani.

Sampuli inatolewaje, na inasafirije kutoka Lubumbashi?

Kwa kusoma jeni, damu kidogo kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau inatosha, au pamba ya kusugua ndani ya shavu. Haihitaji kufunga kula. DNA inavumilia safari ya siku kadhaa ikiwekwa mbali na jua, na pamba ni rahisi zaidi kutuma. Krosimachi ni tofauti: inahitaji seli hai, kwa hiyo damu iliyokaa siku tatu mpakani Kasumbalesa haina kazi tena. Ndiyo maana hospitali nyingi huifanya mgonjwa na mtoaji wakishafika.

Mgonjwa wa leukemia mwenye seli nyingi za saratani apimwe kwa pamba ya shavuni pia, maana seli hizo wakati mwingine hupoteza HLA moja.

Nilipimwa miaka kumi iliyopita. Nirudie?

HLA zako hazibadiliki maisha yote, isipokuwa umepandikizwa uboho. Hapo damu yako itaonyesha za mtoaji. Lakini karatasi ya zamani inaweza kuwa fupi, sehemu moja tu, au ya kingamwili bila nyota. Na hata ikiwa kamili, hospitali itapima tena kwa sampuli mpya kabla ya upasuaji, ili kuhakikisha chupa hazikubadilishana majina. Usiione kama njia ya kukutoza mara mbili.

Ombeni ripoti yenye majina ya aleli zote, njia iliyotumika na namba ya toleo la hifadhi ambalo mfuatano ulilinganishwa nalo, kwa sababu aleli zinaongezwa kila baada ya miezi mitatu. Pigeni picha ya kurasa zote, ya mgonjwa na ya kila ndugu aliyepimwa, mtumiane. Ndugu ambaye leo hakufaa kwa dada yake anaweza kufaa kwa mtoto wa dada huyo.